Wasiojibu wako wapi? Namna ya kupanga utafiti wa kuwafuatilia wahitimu wa chuo kikuu

Tuanze na hesabu ya mfano. Chuo kimetoa wahitimu 1,000 kwa mwaka mmoja. Miaka miwili baadaye kinawatumia dodoso, na 300 wanajibu. Kati ya hao, wenye kazi ni 240. Ripoti inaandikwa kwamba asilimia 80 ya wahitimu wana ajira, Seneti inaipokea, na takwimu hiyo inaingia kwenye kipeperushi cha udahili ili wazazi na vijana waliomaliza kidato cha sita waisome na kuamua.

Sasa watazame wale 700 ambao hawakujibu. Kama wote hawana kazi, basi wenye kazi ni 240 kati ya 1,000, yaani asilimia 24. Kama wote wanayo, wenye kazi ni 940, yaani asilimia 94. Kwa ushahidi uliopo mezani, chuo kinaweza kusema kwa uhakika jambo moja tu: kwamba kiwango cha ajira kwa wahitimu wake ni kati ya asilimia 24 na 94. Ile 80 imesimama juu ya dhana ambayo haikuandikwa popote kwenye ripoti, kwamba walionyamaza wanafanana na waliojibu.

Mara nyingi hawafanani. Linki ikitumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, anayeijaza upesi ni yule mwenye la kusema. Aliyekaa nyumbani miaka miwili huenda alishajitoa kwenye kundi hilo zamani, kwa kuchoka kusoma pongezi za wenzake. Kuna pia mnyamavu wa aina ya pili, aliyefanikiwa mno au aliyehamia nje ya nchi, ambaye hana muda na dodoso lenye maswali 70. Huwezi kujua kundi lipi ni kubwa kwa kukaa ofisini na kukisia. Ndiyo maana naamini kwamba kazi kubwa ya anayepanga utafiti wa wahitimu si kutunga maswali. Kazi kubwa ni kuwapata watu, na kupata habari za kuaminika angalau kuhusu sehemu ya wale wasiopatikana kirahisi. Bajeti, ratiba na nguvu za watu zipangwe kwa kufuata hilo.

Hapa Tanzania jambo hili limekuwa la haraka. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inataka vyuo viwe na utaratibu wa kuwafuatilia wahitimu na kutumia matokeo yake vinapopitia mitaala. Mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu uitwao HEET, uliogharimiwa kwa mkopo wa dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, umesukuma vyuo vya umma kuhuisha mitaala ili iendane na mahitaji ya soko la ajira. Mtaala ukibadilishwa kwa kutegemea ile asilimia 80, kozi inayohitaji kurekebishwa itaachwa kama ilivyo, na watakaobeba gharama ni watoto wanaoingia mwaka wa kwanza Oktoba hii.

Anza na uamuzi, halafu rudi nyuma hadi kwenye swali

Kabla ya kuandika swali hata moja, kaa na wakuu wa idara na uwaulize: matokeo yakija, mtaamua nini? Idara ya uhandisi inaweza kutaka kujua kama iongeze wiki za mafunzo kwa vitendo. Ndaki ya elimu inaweza kutaka kujua ni masomo gani ya kufundishia yanawapa wahitimu kazi haraka zaidi. Ofisi ya ushauri kwa wanafunzi inataka kujua watu walipataje kazi: kwa tangazo, kwa kujitolea kwanza, au kwa kumjua mtu.

Kisha chora majedwali matupu, yale yatakayoonekana kwenye ripoti, yakiwa na vichwa vya safu na mistari lakini bila namba. Swali lisilojaza jedwali lolote linaondoka. Zoezi hili ni fupi na huweza kulipunguza sana dodoso, na dodoso fupi hujibiwa na watu wengi zaidi kuliko refu. Ukitaka kuwasaidia wasiojibu wajibu, anzia hapo.

Lini uwaulize

Uingereza kwa miaka mingi iliwauliza wahitimu wake takriban miezi 6 baada ya kumaliza. Kuanzia wahitimu wa mwaka wa masomo 2017/18 ikahamia miezi 15, kwa kuwa miezi 6 ilikuwa ikiwakuta watu wengi bado wamejishikiza tu. Nchini Italia, muungano wa vyuo uitwao AlmaLaurea huwauliza baada ya mwaka 1, miaka 3 na miaka 5. Utafiti wa REFLEX, uliofanyika katika nchi kadhaa za Ulaya, uliwauliza mwaka 2005 watu waliohitimu mwaka wa masomo 1999/2000.

Kwetu jibu linategemea kozi. Daktari akimaliza anakwenda mafunzo ya utarajali ya mwaka mmoja hospitalini. Mwanasheria anayetaka kuwa wakili anapitia Law School of Tanzania. Mhandisi anaweza kuingia katika mpango wa mafunzo kazini wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, unaochukua hadi miaka 3. Mwalimu anasubiri tangazo la nafasi serikalini, ambalo halina mwezi maalumu. Ukiwauliza wote baada ya miezi 6, madaktari wataonekana wanafanya vizuri mno, wanasheria wataonekana bado ni wanafunzi, na walimu wataonekana wameshindwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloeleza ubora wa kozi.

Pendekezo langu ni kuwachukua kwa pamoja wahitimu wa miaka 2 iliyopita na wa miaka 5 iliyopita, kwa dodoso lilelile. Wa kwanza wanaeleza mlango wa kuingilia kazini ulivyo. Wa pili wanaeleza walipofikia. Ila usiseme kwamba tofauti kati ya makundi hayo inaonyesha jinsi watu wanavyopanda kadiri miaka inavyopita. Makundi hayo yaliingia sokoni katika hali tofauti, na aliyemaliza mwaka 2020 alikutana na Korona mlangoni. Kuona watu wakipanda, ni lazima uwafuate watu walewale zaidi ya mara moja.

Halafu kuna jambo linaloonekana dogo lakini huvuruga ripoti nzima: miezi unaihesabu kuanzia lini? Wanafunzi wengi humaliza mitihani Julai, na mahafali huja Novemba au Desemba. Aliyepata kazi Oktoba, kwa hesabu ya mtihani alisubiri miezi 3. Kwa hesabu ya mahafali hakusubiri hata siku moja. Chagua moja, iandike kwenye dodoso kwa maneno wazi ("tangu ulipomaliza mtihani wako wa mwisho"), na usiibadilishe mwaka unaofuata.

Kazi ni nini hasa

Mchukue mhitimu wa shahada ya elimu anayeishi Mbeya. Asubuhi anafundisha Hisabati katika sekondari ya binafsi, bila mkataba, analipwa posho ya nauli mwisho wa mwezi. Jioni anakaa kwenye kibanda cha dada yake cha uwakala wa pesa za simu. Nyumbani kwa wazazi ana kuku wa mayai, na wateja wake ni majirani. Muulize, "Je, umeajiriwa?" Atakujibu hapana bila kusita, maana kwake ajira ni barua ya uteuzi na namba ya hundi ya mshahara.

Kwa vigezo vya Shirika la Kazi Duniani, mtu huyo anahesabiwa kuwa na ajira: inatosha awe amefanya kazi ya kipato kwa saa moja ndani ya siku 7 zilizopita. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, katika utafiti wake wa nguvu kazi wa 2020/21, ilitumia tafsiri hiyo ya kimataifa pamoja na ya kitaifa, iliyo kali zaidi, ambayo huwaingiza miongoni mwa wasio na ajira baadhi ya watu ambao shughuli yao haina uhakika. Kwa hiyo mwalimu wetu wa Mbeya anaweza kuwa na kazi, asiwe na kazi, na kujiona hana kazi, yote katika wiki moja. Dodoso lenye swali moja la ndiyo au hapana linamlazimisha achague moja ya kweli hizo na kuzificha nyingine.

Suluhisho ni kuuliza matukio, si hukumu. Katika siku 7 zilizopita, ulifanya shughuli gani za kukupatia kipato, hata kwa saa moja? Ipi ilichukua saa nyingi zaidi? Katika hiyo, una mkataba wa maandishi, wa mdomo, au huna? Unalipwa kwa mwezi, kwa siku, kwa kazi, au hulipwi? Je, mchango wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, unapelekwa kwa jina lako? Je, katika wiki 4 zilizopita ulitafuta kazi nyingine? Maswali hayo sita yanajibiwa kwa dakika mbili, na kutoka humo unaweza kutoa tafsiri ya kimataifa, ya kitaifa, na ile ya idara yako. Kila msomaji akapata namba anayoitafuta, na namba zote zikatoka kwa mtu mmoja aliyesema ukweli mara moja.

Kwa kipindi kati ya kumaliza chuo na leo, mpe kalenda ya miezi ajaze: alikuwa akitafuta, akijitolea, akisoma, akifanya kazi, akilea mtoto. Hilo la mwisho lisisahauliwe. Likikosekana, wanawake wengi wataonekana "hawana shughuli" katika miezi ambayo hawakupumzika hata siku moja.

Mshahara nao una mtego wake. Mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu aliye kwenye ajira rasmi hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kurejesha deni la Bodi ya Mikopo, kisha kuna kodi na mchango wa pensheni. Ukiuliza tu "mshahara wako ni kiasi gani?" mmoja atakupa uliomo kwenye barua, mwingine atakupa unaoingia benki, na tofauti kati yao ni kubwa kuliko tofauti nyingi utakazotaka kuzieleza. Sema wazi kwamba unataka kiasi kabla ya makato, na uweke viwango vya kuchagua badala ya kudai namba kamili. Watu wako huru zaidi kuweka alama kwenye kisanduku kuliko kumtajia mgeni kipato chao.

Na yale maswali ya "mtaala ulikuandaa vizuri kiasi gani, kutoka 1 hadi 5"? Ningeyaacha karibu yote. Anayeridhika na maisha yake humpa mwalimu wake 4, na aliyekata tamaa humpa 2. Muulize badala yake ni lini mara ya mwisho alitumia kitu mahususi alichofundishwa, na ni kitu gani alilazimika kujifunza mwenyewe alipofika kazini. Majibu ya swali hilo la pili, yakisomwa moja moja na mkuu wa idara, yana faida kuliko wastani wowote.

Simu isiyopokelewa

Turudi kwa wale 700. Weka nafsi yako mahali pao. Namba ngeni inapiga. Mpigaji anakujua jina, anajua ulisoma chuo gani, na anataka kujua unafanya kazi wapi na unalipwa kiasi gani. Kama hujamaliza deni la mkopo, wazo la kwanza ni kwamba hao ni watu wa Bodi. Wazo la pili ni kwamba ni matapeli, wa ukoo uleule wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Kukata simu ni uamuzi wa busara kabisa. Utafiti unaoshindwa hapa haujashindwa kwa sababu wahitimu hawana ushirikiano. Umeshindwa kwa kutowapa sababu ya kuuamini.

Imani hiyo inajengwa kabla hawajaondoka. Siku mwanafunzi anazunguka na fomu ya kumaliza chuo, kutoka maktaba hadi ofisi ya fedha, ofisi moja kati ya hizo iwe ya kuchukua mawasiliano: namba mbili za simu, barua pepe yake binafsi (ya chuo itafungwa), na namba ya ndugu ambaye hahami hami. Namba ipigwe palepale, mbele yake, hadi simu iite. Inachukua sekunde 10 na inaondoa makosa yote ya kuandika tarakimu. Aelezwe kwamba baada ya miaka 2 ataulizwa maswali machache, na kwamba majibu yake hayaendi Bodi wala kwa watu wa kodi, TRA.

Maelezo hayo pia ni takwa la kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa aeleze anazikusanya kwa lengo gani, na asizitumie kwa lengo jingine. Wakenya wana sheria yao ya 2019 yenye mwelekeo huohuo. Chuo kinachochukua orodha ya wahitimu kutoka taasisi nyingine kimyakimya, hata kwa nia njema, kinavunja msingi huo na kuharibu imani kwa watakaokuja baada yao.

Kuna nafasi ya pili ambayo vyuo huipoteza. Wahitimu wengi hawachukui cheti siku ya mahafali. Wanarudi miezi kadhaa baadaye, au hata miaka, kufuata cheti au transkripti. Pale dirishani anasimama mtu mliyemtafuta kwa simu mara nne, na karani anampa karatasi yake bila kumuuliza namba mpya. Daftari moja tu kwenye dirisha hilo lingefanya kazi kubwa.

Kwa makundi ya zamani yasiyo na orodha, waendee waliokuwa viongozi wa madarasa. Wasikupe namba za wenzao. Wawapelekee wenzao ujumbe, anayekubali atume namba yake mwenyewe. Na ujumbe wa kwanza utoke kwa mtu anayefahamika. SMS yenye jina la mhadhiri aliyewasimamia utafiti wao wa mwaka wa mwisho inafungua milango ambayo barua rasmi yenye nembo haifungui.

Wachache waliofuatwa kwa dhati

Wengi huuliza sampuli iwe ya watu wangapi. Kanuni ya kawaida, yenye uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5 (yaani mara 95 kati ya 100 jibu la sampuli halitapishana na la wahitimu wote kwa zaidi ya asilimia 5), kwa wahitimu 1,200 inatoa watu 291. Kwa kozi yenye wahitimu 40 inatoa 36, yaani karibu wote, kwa hiyo kozi ndogo zichukuliwe nzima bila kupoteza muda na fomula. Lakini kanuni hiyo inachukulia kwamba kila aliyechaguliwa amejibu. Watu 291 wa kwanza kujaza linki si sampuli ya 291. Na ile tabia ya kusema "huyu hapatikani, chukua anayefuata kwenye orodha" inarudisha tatizo kupitia mlango wa nyuma, maana unambadilisha mgumu kupatikana kwa mwepesi kupatikana. Kwa kozi kubwa, ni bora kuchagua 400 kwa bahati nasibu na kuwafuata hadi upate 320, kuliko kutuma linki kwa 3,000 na kupokea majibu 900.

Kwa wale ambao bado watanyamaza, njia ipo tangu mwaka 1946, pale Morris Hansen na William Hurwitz wa Marekani walipoieleza. Usijaribu kumpata kila asiyejibu. Chagua wachache kati yao kwa bahati nasibu, kisha weka nguvu zote kwao. Katika mfano wetu, chagua 70 kati ya 700. Wapigiwe simu kwa saa tofauti, jioni na Jumamosi, kupitia ndugu, kupitia wenzao, na maswali yapunguzwe hadi yale sita ya kazi. Tuseme wote 70 wamepatikana na 35 wana kazi. Hiyo ni nusu, na nusu ya 700 ni 350. Ongeza wale 240 wa mwanzo: wenye kazi ni 590 kati ya 1,000, yaani asilimia 59. Kwa kuwa 70 ni wachache, kuna kosa la takriban asilimia 8 kila upande, kwa hiyo ukweli uko kati ya 51 na 67. Linganisha na pale tulipoanzia, kati ya 24 na 94. Wadadisi wawili wenye salio la simu na wiki mbili za uvumilivu wameigeuza namba ya kukisia kuwa namba ya kufanyia kazi.

Watu hudhani kwamba kusawazisha majibu kwa hesabu baadaye kutaliponya tatizo hili. Kunasaidia kwa kiasi. Ukijua kutoka kwa msajili kwamba wanawake ni asilimia 45 ya wahitimu lakini ni 30 tu ya waliojibu, unaweza kulipa kila jibu lao uzito zaidi katika hesabu. Lakini bado unamtumia mwanamke aliyejibu kumsemea mwanamke aliyenyamaza, na hujui kama wanafanana. Zile simu 70 ndizo zinazokujulisha.

Ripoti ikiandikwa, kila asilimia iandamane na namba tatu: wangapi walihitimu, wangapi walifikiwa, wangapi walijibu. Maneno ya swali lenyewe yawekwe chini ya jedwali, ili msomaji ajue "ana kazi" ilimaanisha nini. Kozi yenye wahitimu sita isichapishiwe mishahara, kwani kila mtu kwenye fani hiyo atajua nani ni nani. Waliojibu watumiwe muhtasari wa ukurasa mmoja kwa njia ileile waliyofikiwa, kabla haujapelekwa kwenye kikao chochote. Na swali la mwisho la dodoso liwe la kuomba ruhusa ya kuwatafuta tena baada ya miaka 3, pamoja na nafasi ya kuandika namba ya kuwapata wakati huo kama hii itabadilika: ya mama, ya kaka, ya jirani mwenye duka.